Shahidi na Mtunga Hadithi: Juu ya Vitabu vya Ryszard Kapuściński

Katika maktaba za seminari zetu mna vitabu vya Mpoloni mmoja, Ryszard Kapuściński, vilivyogeuzwa katika Kifaransa: La Guerre du foot, Le Négus, Ébène. Vinasomwa kuliko vitabu vingi vinavyokaa karibu navyo, na sababu yake ni wazi: vinasomeka. Mwenye kufungua ukurasa wa kwanza jioni, kengele ya kulala inamkuta bado anasoma. Lakini kila vinaposomwa ugomvi unazaliwa. Wengine wanasema: huyu ni shahidi mkubwa wa Afrika, mzungu aliyekula chakula chetu na kuugua magonjwa yetu. Wengine wanajibu: huyu alikuwa mkomunisti, mtu wa serikali yake, na juu ya hayo mwongo. Tumeona vema kupima maneno hayo, kwa maana pande zote mbili zinachanganya mambo mawili yasiyofanana, yaani kuwa na upande na kushuhudia uongo.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Kapuściński alizaliwa mwaka wa 1932 katika mji wa Pińsk, ambao leo si wa Poloni tena, akafa Warszawa mwaka wa 2007. Utoto wake ulikuwa wa vita na njaa. Akawa mleta habari wa PAP, ajansi ya habari ya serikali ya Poloni, na ajansi hiyo ilimweka Dar es Salaam mwaka wa 1962. Huko malaria ilimpanda kichwani, kisha kifua kikuu kikamshika. Anasimulia mwenyewe kwamba alitibiwa katika zahanati ya watu wote, pamoja na maskini wa mji, kwa kuogopa wakubwa wake wasije wakamrudisha kwao. Na hapa hatuna sababu ya kumkatalia. Alikuwa na feza chache. Waleta habari wa magazeti makubwa ya Ulaya na Marekani walikodi ndege, yeye alipanda kamyo. Basi aliona mambo ambayo hayaonekani kutoka dirisha la hoteli kubwa, na katika kurasa zake tunakuta joto la barabara, kungoja kwa siku nzima gari lisiloondoka, ubaridi wa maji ya kunywa. Mambo hayo ni ya kweli. Tunayajua.

Sasa mashtaka ya kwanza: ukomunisti. Aliingia katika chama akiwa kijana, akatoka mwaka wa 1981, wakati serikali ya Poloni ilipotangaza utawala wa kijeshi juu ya raia wake. Mwaka wa 2007, miezi michache baada ya kifo chake, gazeti moja la Poloni lilifunua kwamba aliwahi kuandikia idara ya upelelezi ya inchi yake. Lakini yale yaliyopatikana katika faili hayakuwa na uzito mkubwa. Wale wanaotaka kumtupa kwa sababu hiyo tunawauliza neno moja. Mtu wa inchi ile, katika miaka ile, angepata namna gani ruhusa ya kusafiri, kama si kwa mlango wa serikali? Tena, katika mwaka wa 1960, waleta habari waliotoka Bruxelles, Paris na London kuandika juu ya Kongo, je, hawakuwa na upande? Walikuwa nao. Ila upande wao ulikuwa wa wenye nguvu, na upande wa wenye nguvu hauitwi upande, unaitwa habari.

Upande ukionekana, msomaji anaweza kujilinda. Mfano wake ni kitabu cha Angola. Mwaka wa 1975 Kapuściński alikaa Luanda wakati Wareno walipokuwa wakifunga mali yao katika masanduku ya mbao na kukimbia. Tangu mwanzo msomaji anafahamu kwamba moyo wa mwandishi uko pamoja na MPLA. Hafichi. Mtu wa FNLA au wa UNITA akikisoma atakasirika, lakini hatadanganyika juu ya mahali mwandishi aliposimama.

Na alifika kwetu pia. Katika mwezi wa Septemba 1960 serikali ya Léopoldville iliwafukuza mabalozi wa Urusi na wa Chekoslovakia, na watu wa inchi za kikomunisti hawakuwa na njia tena ya kuingia kwa mlango wa mbele. Yeye na wenzake Wacheki wakapita Sudani, wakashuka kwa gari mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mahali serikali ya Gizenga ilipokaa. Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa 1961. Kurasa zake juu ya siku hizo ni kurasa za woga: mzungu aliyejifungia hotelini, anayesikiliza hatua za askari njiani. Kisha walipotaka kutoka, ndege iliwashusha Usumbura, mikononi mwa askari wa Ubeleji waliowashika na kuwafunga. Hapo hajifanyi shujaa. Hasemi kwamba alifahamu Kongo, anasema aliogopa. Kwa maoni yetu kurasa hizo chache zinashinda vitabu vingi vinene vilivyoandikwa juu ya miaka ile na watu waliojua kila kitu.

Lakini angalia lililofuata. Juu ya majalada ya vitabu vyake, hasa vile vya Kiingereza, paliandikwa kwamba mtu huyu alikuwa rafiki wa Patrice Lumumba. Lumumba alikamatwa mwanzo wa Desemba 1960, akauawa Katanga usiku wa tarehe 17 Januari 1961, na kifo chake kikatangazwa tarehe 13 Februari. Tangu alipokamatwa hakurudi Stanleyville. Kapuściński angekuwa rafiki yake lini? Vilevile paliandikwa kwamba alikuwa rafiki wa Che Guevara. Artur Domosławski, mleta habari mwenzake aliyekuwa kama mwanafunzi wake, alichunguza maneno hayo katika kitabu kikubwa alichotoa mwaka wa 2010, na hakuona ushuhuda wowote wa urafiki huo. (Mjane wa marehemu alikwenda mbele ya hakimu ili kitabu hicho kisitoke, akashindwa.) Watetezi wanasema jalada ni kazi ya wachapaji. Sawa. Lakini jalada lilichapwa, likachapwa tena, na mwenye kitabu alikuwa hai.

Tukija kwa Ébène, tunakuta habari ya samaki. Mwandishi yuko sokoni Kampala, wakati wa Idi Amin. Samaki mkubwa ajabu analetwa, na watu wananyamaza, kwa maana kila mmoja anajua samaki wa ziwa wamenenepa kwa maiti ambazo askari wa Amin walizitupa majini. Ukisoma, nywele zinasimama. Lakini sisi wa ziwa Tanganyika tunamjua sangala, na yule wa ziwa Victoria ni wa ukoo wake. Waingereza na watu wao wa mambo ya uvuvi walimtia katika ziwa lile katika miaka ya 1950. Anakula samaki wengine, anakua, anaweza kupita kilo 100, na hahitaji Amin ili anenepe. Domosławski alipokwenda Uganda aliyasikia hayo kwa watu wa huko bila shida. Kwamba Amin aliua watu wengi na kwamba maiti zilitupwa majini, hilo ni kweli na ni la kutisha vya kutosha. Kwa nini basi kulitia chumvi? Mwuaji akiongezewa hadithi, siku hadithi itakapoonekana kuwa ya uongo, hata wale waliouawa kweli wataanza kutiliwa mashaka.

Lakini shauri kubwa ni Le Négus, na hapo tutakaa zaidi kidogo.

Kitabu hicho kilitoka Warszawa mwaka wa 1978, miaka minne baada ya Haile Selassie kuangushwa. Mwandishi anasema aliwatafuta kwa siri, usiku, watumishi wa zamani wa jumba la kifalme, wakamsimulia. Kila mmoja ana herufi tu mahali pa jina. Tunasikia juu ya mtumishi ambaye kazi yake, kwa miaka kumi, ilikuwa kupangusa viatu vya wakubwa vilivyokojolewa na mbwa mdogo wa mfalme. Tunasikia kwamba mfalme hakusoma wala hakuandika, mambo yote yalimfikia kwa masikio.

Sasa sisi mapadri tunaweza kusahihisha angalau hilo la mwisho bila kutoka katika historia ya misioni. Kijana Tafari alifundishwa Kifaransa huko Harar, karibu na askofu Mkapuchini André Jarosseau, ambaye alimheshimu maisha yake yote. Alisoma Kifaransa na Kiamhara, tena aliandika habari ya maisha yake mwenyewe katika Kiamhara. Mwanahistoria Harold Marcus, aliyechunguza Etiopia miaka mingi, aliandika mwaka wa 1990 kuwalaumu wazungu waliokisifu kitabu hicho bila kuuliza kama ni kweli. Naye John Ryle, mwaka wa 2001, alionyesha ugonjwa mwingine wa vitabu hivi: kusema «Mwafrika yuko hivi, Mwafrika anafikiri vile», kana kwamba Mwamhara, Mshi na Mzulu wamezaliwa na mama mmoja.

Watetezi wake wana jibu, na ni jibu la watu wenye akili, lisidharauliwe. Wanasema: Le Négus si kitabu juu ya Etiopia. Chini ya sensura, Kapuściński hakuweza kuandika juu ya Edward Gierek, mkubwa wa chama cha Poloni, na wale waliomzunguka kwa sifa na hofu. Basi alimwandika mfalme wa mbali, na Wapoloni wote wakafahamu. Walisoma Addis Abeba, wakaona Warszawa. Ni mfano, wanasema. Na mfano haupimwi kwa kuuliza kama mbwa alikuwako.

Tunakubali kwamba mfano haupimwi hivyo. Kila katekista anajua hakuna mtu anayetafuta katika vitabu vya kodi jina la mwana mpotevu. Lakini mfano una alama yake: anayesikia anajua kwamba ni mfano. Wapoloni walikuwa na ufunguo. Msomaji wa Paris, wa London, wa Bukavu, hakupewa ufunguo. Alipewa kitabu cha mleta habari, kimetiwa muhuri wa «niliwasikia kwa masikio yangu». Maneno yaleyale yalikuwa mfano katika inchi moja na ushahidi katika inchi nyingine. Na Waetiopia? Inchi yao ilifanywa kanzu, ya kuficha ugomvi wa watu wengine. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali kuvaliwa.

Tena kuna jambo ambalo hatujaona watetezi wakilijibu. Sensura ya Poloni ilianguka mwaka wa 1990. Mengistu, ambaye angeweza kuwaua wale watumishi kama majina yao yangejulikana, alikimbia mwaka wa 1991. Kapuściński aliishi mpaka mwaka wa 2007. Alikuwa mtu mwenye sifa dunia nzima. Neno moja mbele ya kitabu lingetosha: hiki ni hadithi iliyojengwa juu ya mambo niliyosikia. Kitabu kiliendelea kuchapwa kama kilivyokuwa, bila majina, na wasomaji wa Ulaya wakaendelea kuzani kwamba wanaijua Etiopia.

Hapo ndipo tunapomwekea kosa, wala si katika chama chake. Upendeleo wake kwa maskini hautuchukizi. Mara nyingi tunapenda kuwa na upendeleo huo sisi wenyewe. Kosa ni kutia muhuri wa jicho juu ya kitu ambacho jicho halikukiona. Na deni la kosa hilo halilipwi na msomaji wa Ulaya, ambaye amepata jioni tamu ya kusoma. Linalipwa na yule aliyeandikwa, asiye na gazeti la kujibu. Wahubiri wanajua vizuri kishawishi hiki. «Nilimjua mtu mmoja mgonjwa...» inaingia masikioni upesi kuliko «tuseme kulikuwa na mtu mgonjwa», na kanisa linanyamaza kusikiliza. Yule mgonjwa hakuwako, lakini kijiji chake kimetajwa, na watu wa kijiji hicho wamekaa katika safu ya tatu.

Kwa wale wanaotunza maktaba, shauri letu ni hili. Kurasa za Stanleyville na Usumbura ziwekwe mkononi mwa kila mwanafunzi wa historia ya Kongo, pamoja na kitabu cha Angola, maana humo mwandishi yuko mahali anaposema yuko. Le Négus kitolewe katika rafu ya historia, kiwekwe pamoja na riwaya. Ni riwaya nzuri sana, na huko hakitamdhuru mtu. Ébène kibaki, lakini kisisomwe peke yake: kitabu cha Domosławski kimegeuzwa katika lugha mbalimbali, kinunuliwe, kikae upande wake. Na yule samaki wa Kampala, ambaye tumemsikia zaidi ya mara moja katika mahubiri ya Kwaresima, tunaomba arudishwe ziwani.