Ufundi wa Kuatamisha Mayai

Yai lenye mbegu linapodondoka kiotani tayari lina umri wa siku moja. Mbegu ya jogoo hukutana na kiini mara tu kinapotoka kwenye kokwa la mayai, kabla ute haujakizunguka, na takriban saa 25 zinazofuata hupita ndani ya mwili wa tetea, nyingi zikitumika kujenga ganda. Muda huo wote joto la mwili wake, nyuzi 41 hivi, hukikuza kiinitete. Yai likitoka nje hupoa, na kiinitete chenye maelfu ya chembe husimama. Hakijafa, kinasubiri. Mfugaji wa kuku wa uani hupokea uhai uliosimama, na sehemu kubwa ya ufundi wake ni kuutunza katika hali hiyo mpaka siku atakayoichagua yeye.

Bujumbura, nchini Burundi, huufanya utunzaji huo kuwa mgumu. Jiji limelala kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kwenye mwinuko usiofikia mita 800 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana hukaribia nyuzi 30 karibu mwaka mzima. Kiinitete nacho huanza kuamka joto likizidi nyuzi 21 hivi. Hukua kwa uvivu na bila mpangilio, na baada ya siku kadhaa hudhoofika na kufa. Kwa hiyo yai lililowekwa juu ya kabati katika nyumba ya bati kwenye mitaa kama Buyenzi au Kinama halijahifadhiwa, limeatamiwa vibaya. Si ajabu jogoo akachinjwa kwa tuhuma ya utasa, ilhali kosa ni la kabati.

Friji haisaidii, maana baridi yake ya nyuzi 4 au 5 huua. Kiasi kinachofaa ni nyuzi 15 hadi 18, na anayekosa chombo cha kukipata hutumia chungu cha udongo chenye mchanga, kinachonyunyiziwa maji asubuhi na jioni na kuwekwa penye kivuli na upepo. Maji yanapokauka huondoka na joto la chungu. Mayai huokotwa mara mbili kwa siku na kuwekwa ncha nyembamba ikiwa chini. Hayaoshwi, kwa kuwa ganda lina utando mwembamba unaozuia vijidudu, na maji huuondoa. Hayapitishi wiki moja. Kule Bugarama, kwenye mita zaidi ya 2,000, baridi hulihifadhi yai bila chungu. Lakini hewa ya mlimani ni nyepesi, hukipunguzia kiinitete oksijeni na kulikausha yai upesi. Ziwani taabu iko kabla ya kuatamia, milimani huja baadaye.

Nyuma ya yai wako wazazi, na hapo ndipo mfugaji hodari hutambulikana. Jogoo mmoja hutosha matetea 8 hadi 10. Mbegu zake hukaa hai ndani ya mwili wa tetea kwa wiki mbili na hata zaidi, hivyo anayebadilisha jogoo leo hana hakika ya baba wa vifaranga mpaka wiki tatu zipite. Jinsia ya kifaranga huamuliwa na mama. Jogoo hahusiki, wala umbo la yai halihusiki: imani kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo ni ya kale sana na haina msingi.

Katika jiji la joto, kishingo anastahili heshima kuliko anayopewa. Jeni inayomwacha shingo wazi humpunguzia manyoya mwili mzima, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hupungukiwa karibu asilimia 40, kwa hiyo hutembea na kula mchana wakati wenzake wamejibanza kivulini wakitweta. Anayemdharau kwa sura yake hajapiga hesabu. Kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja, naye hustahimili joto, ila mtoto wa kidimu wawili anaweza kuzaliwa na manyoya dhaifu yanayokatika ovyo. Ipo pia jeni ya miguu mifupi sana ambayo, wenye nayo wakipandishwa wao kwa wao, huua robo ya viinitete ndani ya ganda, na lawama humwangukia tetea aliyeatamia. Mahuluti kama Kuroiler, asili yake India, na Sasso wa Ufaransa hukua upesi, lakini watoto wao hawafanani na wazazi, na matetea wao ni nadra kuatamia.

Tetea wa kienyeji ndiye mwenye elimu hiyo. Hutaga mayai 10 hadi 15, kisha homoni ya prolaktini humbadilisha tabia: huacha kutaga, hujinyonyoa kifuani ili ngozi iguse mayai, huvimba na kunguruma mtu akimkaribia. Hutoka kiotani mara moja kwa siku, dakika 20 hivi, ale, anywe na kujisaidia, na kupoa huko kwa muda mfupi hakuyadhuru mayai. Huyageuza mara nyingi kwa siku, usiku na mchana, ili kiinitete kisigande kwenye utando wa ndani. Mfugaji hubaki na kazi ndogo: kiota chenye nyasi kavu, majivu kidogo ya kufukuza utitiri, maji na chakula karibu. Pumba za mchele wa bonde la Imbo na vumbi la ndagala linalobaki kwenye mikeka ya kuanikia hutosha kumrudishia nguvu, ilimradi ndagala wasizidi, kwani tetea anayekula samaki wengi hutaga mayai yanayonuka samaki. Kumsogeza tetea anayeatamia hufanywa usiku. Mchana hugoma.

Mashine ya kutotolea hutaka kila kitu ambacho tetea hukifanya bila kuagizwa. Sanduku la mbao, balbu na kidhibiti joto huweza kukaa kwenye nyuzi 37.5 hadi 37.8, unyevu wa asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha kiasi cha 65 hadi 70 mwishoni, mayai yakigeuzwa angalau mara tatu kwa siku. Umeme ukikatika, jambo la kawaida mjini, chupa za maji ya moto huzungushwa ndani na blanketi hutupwa juu. Kinachookoa ni kwamba kiinitete hustahimili kupoa kwa saa chache kuliko kuchemka: nyuzi 40 na ushee zikidumu huviua viinitete vyote kwa pamoja. Wamisri wa kale walitotoa maelfu ya mayai katika matanuru ya matofali ya udongo, bila kipimajoto, wakiligusisha yai kwenye kope la jicho kuhisi joto lake. Mfaransa Réaumur aliandika juu ya matanuru hayo mwaka 1749.

Siku ya 7 mayai humulikwa kwa tochi gizani. Yenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kutoka doa jeusi. Yaliyo meupe hayakuwa na mbegu. Yenye duara la damu yamekufa. Viza huondolewa mapema, kwa kuwa moja likipasuka huchafua yote. Siku ya 18 kugeuza hukoma. Siku ya 20 kifaranga hutoboa chemba ya hewa kwa mdomo, huvuta pumzi ya kwanza na kuanza kulia kabla ganda halijapasuka, na tetea humjibu. Tangu kutoboa ganda hadi kutoka huweza kupita saa 12 hadi 24, na huu ndio wakati mgumu kuliko yote kwa mwenye mikono mepesi. Anayebandua ganda kwa huruma hukata mishipa ambayo haijakauka, na kifaranga hutokwa damu. Subira hapa ni sehemu ya kazi, tena ndiyo iliyo ngumu zaidi kufundishwa. Kifaranga hutoka siku ya 21 akiwa amekivuta kiini tumboni mwake, na kwa akiba hiyo huweza kukaa siku mbili bila chakula akingoja wenzake.

Baada ya hapo adui ni mwewe, paka, panya, na zaidi ya wote mdondo, unaoweza kumaliza banda zima kwa wiki moja. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia na kutengenezwa pia Tanzania, hustahimili joto kuliko chanjo nyingi, na tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne hutosha. Kuatamisha mayai bila chanjo ni kazi ya nusu.

Wanapofika miezi sita, pora huonyesha tofauti zao, na mnunuzi hubisha hodi. Idi humleta kutoka Buyenzi, Krismasi humleta kutoka mitaa mingine, na daima humtaka mkubwa. Mkubwa akienda soko la Ruvumera, aliyedumaa ndiye hubaki kuwa baba wa kizazi kijacho, na miaka michache ya biashara ya namna hiyo huwapunguza umbo kuku wa ua mzima bila ugonjwa wowote kuingia. Anayetaka uzao wenye nguvu hufanya kinyume: humuuza wa pili, na yule bora humbadilisha na wa jirani, ili asipande mama na dada zake.