Habari za Wazee na Lugha Yao

Mwaka 1936 lilianza kutolewa huko Dar es Salaam gazeti liitwalo Tanganyika Notes and Records. Baadaye likawa la chama kiitwacho Tanzania Society, na jina lake Tanzania Notes and Records. Humo zimo habari za makabila, mila na magofu ya pwani. Twalisifu kwa haki, maana mengi yaliyomo yangalizikwa pamoja na wazee walioyajua.

Lakini twaona upungufu wake. Karibu yote yameandikwa kwa Kiingereza, na wengi wa waandishi wa kwanza walikuwa maofisa na wamisionari. Mzee alisema kwa lugha yake. Maneno yake yakageuzwa. Na mjukuu wake asiyejua Kiingereza hawezi kuyasoma wala kuyasahihisha.

Tulinganishe na Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi juu ya watawala wa Usambaa, kilichopigwa chapa na misheni kati ya 1895 na 1907. Kimeandikwa kwa Kiswahili. Mwandishi alikuwa na upande wake, kwa kuwa alimtumikia Semboja, mmoja wa Wakilindi hao. Hata hivyo Msambaa asomaye Kiswahili aweza kumkubali au kumpinga, wala hahitaji mkalimani.

Basi, ndugu msomaji, uandikapo habari za mzee, andika jina lake, kijiji chake, tarehe, na maneno yake yenyewe. Tafsiri ifuate nyuma. Kisha umsomee, apate kusema, “Ndivyo,” au, “Sivyo.”