Fanani wa Mbali na Hadhira Iliyotawanyika: Haiba katika Mahubiri ya T.B. Joshua

Wahakiki wa fasihi simulizi aghalabu wameshikilia kwamba utendaji haukamiliki pasipo fanani na hadhira kukutana ana kwa ana. Mahubiri ya mtandaoni yanautia msimamo huo mizanini. Mfano mwafaka ni wa T.B. Joshua, mwasisi wa kanisa la Synagogue, Church of All Nations jijini Lagos, Nigeria. Idhaa ya kanisa hilo, Emmanuel TV, ilianzishwa mwaka 2006, na baadaye mahubiri yake yakaenea kupitia YouTube.

Kwa mujibu wa Max Weber, haiba ya kiongozi hutegemea kukubaliwa na wafuasi. Swali la kihakiki ni hili: kukubali huko hudhihirishwa kwa mbinu zipi? Joshua aliwahimiza watazamaji waguse kioo cha runinga au cha kompyuta ili washiriki maombi yake. Tendo hilo dogo lilimgeuza mtazamaji kuwa mtendaji. Kiitikio, ambacho katika utambaji wa ngano hutolewa kwa sauti, hapa kilitolewa kwa kidole.

Fauka ya hayo, idhaa ilitangaza shuhuda za waliosema wameponywa. Aghalabu muundo wake ulikuwa mmoja: maradhi, kukata tamaa, maombi, kisha uponyaji. Kisa hicho kiliporudiwa kwa ndimi nyingi, kiliwaunganisha watu wasiojuana, kwani msikilizaji wa leo aliweza kujiona msimulizi wa kesho. Kwa hivyo, jumuiya hiyo ilijengwa na masimulizi ya wafuasi sawa na ilivyojengwa na mahubiri yenyewe.

Hata hivyo, hadhira hiyo haikuwa na uhuru wote wa hadhira ya jadi. Barazani, msikilizaji humkatiza fanani, humkosoa, hata huinuka akaondoka huku wenziwe wakimwona. Idhaa ilikuwa mali ya kanisa. Ushuhuda uliochaguliwa ulisikika, ilhali ukimya wa asiyepona haukuwa na pa kurekodiwa.

Uzito wa suala hili ulijitokeza Januari 2024, baada ya Joshua kufariki Juni 2021. BBC ilitangaza uchunguzi ambamo baadhi ya waliokuwa wafuasi wake walidai kwamba walidhulumiwa na kwamba kulikuwa na miujiza ya kubuni. Kanisa lilisema kuwa tuhuma zilizotangulia dhidi yake hazikuwa na msingi. Mahakama ya ukweli si kazi ya mhakiki wa fasihi. Lakini hawezi kupuuza kwamba walalamishi nao waliutumia utanzu uleule wa ushuhuda. Tofauti ni kwamba safari ya msimulizi sasa haitoki katika maradhi kuelekea uponyaji, bali inatoka katika imani kuelekea shaka.

Hatima ya hoja hii ni kwamba haiba huumbwa na hadhira, ila mwenye kumiliki jukwaa ndiye huamua kiitikio kipi kisikike. Uhakiki unaoishia kuhesabu watazamaji haujafika mbali; sharti uulize pia ni nani aliyenyimwa zamu ya kusema.