Sanamu Inayohama: Kumbukumbu ya Waarmenia mjini Boston

Katika madarasa yetu ya uhakiki huwa tunauliza kama fani inabeba maudhui, na swali hilo huishia kwenye riwaya, tamthilia na ushairi. Safari hii tulipeleke kwenye sanamu iliyoko Boston, Marekani, katika Bustani ya Urithi wa Waarmenia iliyofunguliwa Mei 2012.

Ni gimba la alumini na chuma lenye nyuso 12, kila uso una pembe nne, lililopasuliwa vipande viwili na kuwekwa juu ya kidimbwi cha maji. Kila mwaka kreni huletwa, vipande vikainuliwa na kupangwa upya, hata mpita njia haoni tena umbo aliloliona mwaka jana. Msanifu wake, Donald Tellalian, alikusudia kuonyesha maisha ya wahamiaji: watu waliong'olewa kwao, wakatengana, wakajiunda upya ugenini. Maji hutoka kwenye kidimbwi, hupotea chini, kisha huibuka katikati ya njia ya mviringo iliyo jirani. Njia yenyewe hujipinda sana lakini ni moja tu. Haina njia panda ya kumpoteza mtu.

Kwa upande wa uhamiaji, fani imefaulu kweli. Minara mingi ya kumbukumbu hujivunia kutotikisika, ilhali huu umefanya kutikisika kuwa ndiyo maana yake. (Hata ukanda huo wa bustani umelala pale ilipokuwa barabara kuu, ambayo nayo ilihamishiwa chini ya ardhi.)

Tatizo liko kwa wafu. Bustani inawakumbuka Waarmenia waliouawa katika Dola ya Uthmaniya kuanzia 1915, ambao wenyewe huwahesabu kuwa milioni 1.5, pamoja na wahanga wa mauaji yote ya kimbari yaliyofuata. Lakini ondoa maandishi yaliyochongwa, kisha mwulize mtu aliyeketi pale kupumzika ameona nini. Atasema ni pambo zuri la mji. Linganisha na Tsitsernakaberd mjini Yerevan, iliyokamilika 1967: kuta 12 za mawe zimeuinamia moto usiozimwa, na mgeni huteremka ngazi kuufikia. Pale hakuna anayehitaji kibao.

Kwa hiyo Boston mzigo umebebwa na maneno, na hapo ndipo mwalimu wa lugha anapopaswa kusimama kidogo. Raphael Lemkin alibuni neno jenosidi mwaka 1944, na yaliyowapata Waarmenia yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma. Sisi wa Maziwa Makuu tulilazimika kuzoea 'mauaji ya kimbari' baada ya 1994, kutokana na mbari, yaani watu wa ukoo mmoja. Uturuki inalikataa neno hilo kwa habari ya Waarmenia hadi leo. Serikali kuu ya Marekani nayo ililikwepa kwa miaka mingi. Rais Biden alilitumia rasmi mwaka 2021. Bustani ilikuwa imelichonga miaka tisa kabla, hadharani, katikati ya mji. Kwa maoni yangu, huo ni ujasiri ambao chuma kile kizuri hakikuufikia.

Mkimbizi wa Kinyarwanda akisimama pale atajiona mara mbili: safari yake imo katika chuma, ndugu zake wamo katika maandishi. Ila wamo ndani ya 'yote yaliyofuata', bila jina.