Heko, Fundi wa Redio wa Ruiri

Amplifaya kuukuu ya transista ikianza kunguruma, wengi wetu huilaumu spika. Fundi wa redio katika soko kama la Ruiri, kaunti ya Meru, huchomoa kwanza nyaya za spika, kisha hutega sikio. Ngurumo ikikoma, kosa liko kwenye saketi, mara nyingi kapasita zilizochoka. Ikiendelea, ni transfoma yenyewe: umeme wetu wa hezi 50 huvuta na kuachia bati zake mara 100 kwa sekunde, na bati zilizolegea hutetemeka. Hapo hukaza boliti, hupenyeza vanishi kati ya bati, huweka raba chini. Kazi ya hatari pia, kwani kapasita hubaki na umeme hata plagi ikishachomolewa.

Kinachonivutia zaidi ni swali lake: chombo kiliundwa kwa volti ngapi? Cha 220 kikipewa 240 za Kenya huweza kuvuma zaidi. Cha Japani cha 100 kitaungua. (Wauzaji wa mitumba hawaulizi.)

Kabla hujaiuza amplifaya yako kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mpelekee fundi, na malipo yake usiyapunguze.