Resident Evil: minaogopa nyumba ya kwanza kuliko Nemesis

Bandugu, wengi wenu munasema Resident Evil 3 ya 1999 ndiyo inaogopesha zaidi, juu Nemesis anafungua milango na kukufuata mpaka chumba kingine. Mimi nakataa. Mule unachanganya baruti, unajitengenezea risasi. Ukiwa nazo, woga unapungua. Ile ya 1996 iko ngumu kwa njia ingine: Chris anabeba vitu 6 tu, na kuhifadhi mchezo kunaomba utepe wa wino, nao unahesabika. Siku moja nilichunga utepe wa mwisho, nikafungua mlango, nikafa. Saa mbili zikaenda bure. Nemesis hakunifanyiaka vile. Woga unatoka mu kile utapoteza, haiko mu sura ya zimwi. Ninyi munasemaje?