Pongezi kwa mafundi wa kompyuta wa Kavimvira

Hapa Kavimvira, mpakani na Gatumba, sifa huenda kwa madereva na kwa mama wauza ndagala. Leo nawapongeza mafundi wa kompyuta.

Chukua mfano huu: programu ya zamani ya hesabu za duka inakubali Windows XP tu, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Fundi haitupi: anaiweka XP ndani ya VirtualBox, kompyuta ndani ya kompyuta. Siku umeme ukikatika ghafla, XP ya ndani inagoma kuwaka. Fundi wa pupa angeifuta. Fundi mzuri hunakili kwanza faili la diski ya XP hiyo, kisha hutafuta kama ugonjwa uko kwa mfumo mwenyeji, yaani kompyuta yenyewe, au kwa mgeni wake, yaani XP ya ndani. Anaingia BIOS, anapima RAM iliyogawiwa, anasoma logi mstari kwa mstari. Pengine diski ya mwenyeji imejaa tu!

Mteja huona dirisha la XP limefunguka tena, basi anaanza kubishania bei. Jamani, tuwalipe mafundi hawa inavyostahili, na kila mwenye duka anunue betri ya akiba.